Yule Mama wa Mwisho wa Kaseti

9 Februari

Kwako Dada mkubwa, fundi wa mashati yasiyobana,

Hujambo wewe, hajambo Mama, haijambo cherehani? Mimi mdogo wako Kipaza ni mzima kama kengele. Wagonjwa ni viatu vyangu tu, kimoja kimefungua mdomo, nadhani kina jambo kinataka kusema. Msalimie shemeji, mwambie ile kofia aliyoniahidi bado naikumbuka, hata kama kichwa chake kimeshaisahau. Wasalimie watoto wote, wanaonijua na waliozaliwa nikiwa nimeshaondoka.

Sasa sikia maajabu. Hapa mjini imeingia filamu inaitwa Mke wa Rubani. Usiniulize hadithi yake, sijaiona, mimi sina muda wa kukaa gizani na watu nisiowajua. Ninachoona ni kwamba watu wanaingia pale sinema wamenyooka, wanatoka wamevimba macho. Rubani anaondoka, mke anabaki na taa dirishani, basi mpaka wanaume wazima na ndevu zao wanafuta kamasi. Na wakitoka, mtu wa kwanza kumwona ni nani? Ni mimi, chini ya ngazi, na meza yangu na spika, nawapigia wimbo uleule uliowaliza ndani. Kidonda bado kibichi, mimi nakuja na chumvi. Wananunua wenyewe, simlazimishi mtu.

Maana nyimbo zote za filamu zimetoka kwenye kaseti, albamu nzima. Nasikia huko zinakotengenezwa mashine hazipumziki na bado hazitoshi. Zikifika dukani asubuhi, mchana unakuta rafu imebaki na vumbi. Anayekosa dukani anakuja kwangu. Si nina ile redio ya milango miwili? Mlango huu unaweka yenye nyimbo, mlango ule unaweka tupu, unabonyeza, inanakili. Ukiiweka mwendo wa haraka nyimbo zinalia kama panya aliyekanyagwa mkia, kwa hiyo nazima sauti kabisa, nakunywa chai, ikimaliza nauza. Kinyozi jirani yangu ameacha kupiga taarifa ya habari, siku nzima ni rubani. Muuza maziwa anaimba rubani. Nimesikia hata askari anaimba rubani huku anamfukuza mtu.

Halafu mwambie Mama ile kaseti yake ya salamu niliipata, yule dereva wa lori alinikabidhi mwezi wa kumi na mbili mkononi. Nimeisikiliza yote, nikacheka mbavu hizi zikaomba msamaha. Mama kwa kusalimia! Kaanza nyumba ya kwanza, kapita mtaa mzima, kamalizia kwa mbuzi. Salamu zimefika, hata ya mbuzi.

Ndimi mfalme wa chini ya ngazi,
Kipaza

2 Machi

Mdogo wangu Kipaza,

Barua yako ilikuwa na duara la kikombe cha chai, nikajua ni yako kabla sijaifungua. Huku tupo. Shemeji yako kifua kinambana kidogo, anasema ni vumbi, mimi nasema ni sigara, tumeachia hapo. Nashona sare za shule. Kaptula tupu. Nikifumba macho naona kaptula.

Mama anakusalimu.

Nina mambo mawili. La kwanza, ile kaseti ya Mama nirudishie. Ifunge kwenye kitambaa, mpe dereva yuleyule, asiwe mwingine. Naitaka hapa. Nyumba imekuwa kimya mno.

La pili. Umesema umeisikiliza yote. Mbona basi hujamjibu? Mama alikuomba jambo, mwishoni kabisa. Alinitoa chumbani ndiyo akalisema, lakini ukuta wetu unaujua, nililisikia. Tangu lori lirudi bila neno lako anangoja. Usitake niliandike mimi. Mama aliniapisha. Alisema habari ile ni yake, ameshaisema kwa mdomo wake, nisiirudie kwa kalamu yangu. Wewe mjibu tu. Neno moja linatosha.

Na hicho kiatu kishone.

Dada yako

25 Machi

Dada wa kaptula,

Shikamoo, na hiyo shikamoo mgawie na shemeji, ila mwambie asiivute. Mimi ni mzima, nimekonda kidogo kwa kukimbia. Biashara imepanda mpaka imenipita, sasa mimi ndiye naifuata nyuma natembea.

Hivi unajua kaseti tupu zimeadimika mji mzima? Watu wamemaliza zote kwa sababu ya rubani. Ikabidi nitumie akili. Nimepita nyumba kwa nyumba nanunua kaseti kuukuu: mahubiri, masomo ya lugha, harusi za watu walioshaachana. Zote narekodi rubani juu yake. Tatizo albamu ikiwa fupi na kaseti ikiwa ndefu, yale ya zamani yanabaki mkiani. Juzi karudi mzee mmoja amefura, "Kipaza, mke wa rubani anaaga vizuri tu, mara mchungaji ananiuliza nimejiandaaje na moto!" Nikamwambia hiyo ni nyongeza, Mzee, wala sikukudai.

Hata ile albamu yangu halisi ya dukani redio imeitafuna, ikatoa utumbo wote nje. Nimezungusha na penseli mpaka penseli ikachoka. Bahati nilikuwa nimeshatoa nakala moja safi, kwenye kaseti ndefu, nzito, niliikuta tu kwenye boksi langu haina hata karatasi. Hiyo ndiyo nimeifanya ya kuzalishia, kama jogoo. Kila ninayouza sasa imetoka kwake.

Kaseti ya Mama usiwe na wasiwasi. Iko salama, nimeiweka mahali ambapo hata mimi nikitaka kuiona lazima niombe ruhusa. Dereva akipita nampa. Lakini si unamjua yule, anapita kama chafya.

Na lile jambo la Mama, mwambie jibu ni ndiyo. Ndiyo kubwa, ya herufi kubwa. Mwambie mwanao mziwanda kakubali kwa moyo mweupe, atulie.

Kipaza, ndiyo mzee

14 Aprili

Mdogo wangu,

Hapa wote wanakula na kulala. Mvua imeanza, bati la jikoni linavuja palepale.

Nilimsomea Mama barua yako. Nilipofika kwenye ndiyo akanishika mkono nirudie. Nimerudia mpaka koo likakauka. Tangu siku hiyo hataki kukaa ndani. Asubuhi ananionyesha kiti, nampelekea mlangoni, anakaa anaangalia barabara. Mvua ikija nakirudisha kiti, ikikatika ananionyesha tena. Ametoa sandukuni lile shuka la maua ambalo hata marehemu Baba hakuwahi kulilalia. Nimeshona pazia jipya la chumba chako, Mama mwenyewe ndiye aliyechagua kitambaa.

Sijui ulikuwa unafikiri nini uliposema ndiyo. Nakujua. Lakini umeshasema, na yeye ameshasikia. Kwa hiyo fanya upesi. Mambo mengine hayangoji albamu.

Kaseti sijaiona. Dereva alipita juzi, nikamuuliza, akasema hukumpa kitu. Alikukuta umezungukwa na watu kama daktari anayeng'oa meno bure.

Dada yako

6 Mei

Dada wa moyo wangu,

Kwanza pole na bati. Pili, shuka la maua! Basi mambo ni makubwa. Nilijua tu, Mama hana ombi jingine kwangu tangu nimeota ndevu. Ni yule binti wa fundi saa, siyo? Niambie tu, sitakasirika. Mwambieni huyo binti mimi ni mfupi kidogo kuliko ninavyojisifu, asije akatafuta kiti cha kupandia akakuta kumbe nimeshasimama. Na Mama anakaa mlangoni kuhesabu wageni? Harusi yenyewe haijapangwa! Mwambie asubiri kidogo, niivune hii albamu kwanza, kisha nije nivae suti uliyoshona wewe, na iwe suti, isije ikawa kaptula.

Ila Dada, nina swali. Mbona siku hizi salamu za Mama hazina matusi? Zamani nilikuwa napata salamu moja na matusi matatu. Sasa naona "Mama anakusalimu," halafu nukta. Kanisamehe nini ambacho mimi sikijui?

Biashara bado inatisha. Sasa kuna vijana watatu barabara hiihii wanauza rubani, lakini watu wanawapita wanakuja kwangu, unajua kwa nini? Wanasema kaseti yangu ina yule mama. Mama gani? Eti nyimbo zikiisha, kuna mama mmoja anaanza kumgombeza mtoto wake. Wameshampa na jina, Mama wa Mwisho. Wanadhani ni kipande cha filamu, mama mzazi wa rubani. Mimi sijamsikia, nani ana muda wa kusikiliza mkia wa kaseti? Labda ni mchezo wa redio uliobaki humo. Lakini mjini wanamwiga kila kona. Muuza mkaa alinisimamisha akabana pua, "Kuku hana shule, lakini jioni analijua banda lake. Wewe uliyesoma mpaka la nne umepotelea wapi?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi na la nne langu nikahisi nimetukanwa na filamu! Nikasema huyo mama na mama yetu walinyonya ziwa moja.

Kaseti ya Mama iko salama, nitaituma.

Kipaza, bwana harusi mtarajiwa

20 Mei

Kipaza,

Hakuna bibi harusi.

Kuku hana shule ni maneno ya Mama. Nilikuwa nje ya mlango alipoyasema.

Mama hajasema neno tangu Januari. Upande wa kulia umelala wote, mkono, mguu, na ulimi. Salamu zake nilikuwa naziandika mimi, na mimi matusi yake siyawezi.

Kiapo changu kimeisha, kwa sababu umeuza kaseti yake mtaa mzima. Chukua hiyo unayoiita jogoo. Isikilize mpaka mwisho, kwa mwendo wa kawaida, na sauti ikiwa juu. Usiniandikie tena kabla hujafanya hivyo.

Dada yako

3 Juni

Dada,

Barua yako imenikuta mchana, nimeshika kikombe. Nimekiweka chini mpaka leo sijui kilienda wapi.

Nikaangalia ndani ya boksi kaseti ya Mama, nikijua haimo. Nilikuwa najua haimo tangu Machi, nilikuwa sitafuti kwa nguvu. Nikaitoa ile ya kuzalishia, nikaipiga upande wa pili. Sikuthubutu kuruka. Nikakaa na nyimbo zote, mpaka ule wa mwisho wa taa ya dirishani. Ukaisha. Kukawa na mlio kama kidole kinakwaruza meza. Halafu Mama huyo, katikati ya sentensi, kama mtu aliyekuwa anaongea muda wote wewe ndiyo umeingia chumbani. Haya ndiyo aliyosema, nayaandika kama yalivyo:

"…nimemtoa nje dada yako, asije akalia akaniharibia kaseti ya watu. Sikia, we Kipaza. Kuku hana shule, lakini jioni analijua banda lake. Wewe uliyesoma mpaka la nne umepotelea wapi? Daktari anasema kichwani mwangu kuna mshipa umechoka. Nikamwambia mwanangu, hata mwenye mshipa amechoka, mshipa uwe nani usichoke? Eti siku yoyote naweza kuamka sina maneno. Mimi! Sasa nitawagombeza kwa nini, kwa nyusi? Basi nakuomba jambo moja. Njoo nikuite jina lako ukiwa hapa mbele yangu, nikuone unavyogeuka. Usilete kitu. Ukija na zawadi nitakupiga nayo. Njoo tu, kabla maneno hayajaisha. Ukikubali sema ndiyo, nitakaa mlangoni nikungoje. Kama huwezi sema huwezi, nisipigwe na baridi bure. Haya. Nimemaliza." Halafu kiti kinalia. Halafu, "Hii inazimwa wapi? We mtoto, njoo, hii inazimwa wapi?"

Basi. Hapo ndipo unasikika wewe unaingia, hatua zako, na inakatika.

Dada, Mama akiwa bado anasema, sinema ilikuwa imetoka. Sikuona watu walivyojaa mezani. Mtu akasema, "Ongeza sauti, ni yule mama!" Akaongeza mwenyewe. Na wakaanza kusema naye. Wote, Dada. Muuza mkaa, kinyozi na mkasi wake, wasichana wa duka la viatu. Wanajua kila mahali anapovuta pumzi. Kwenye "nitakupiga nayo" wakapiga makofi. Mtaa mzima unamjua Mama kwa moyo, na mimi peke yangu ndiye sikuyajua maneno.

Kinyozi akaniambia, "Unalia nini, Kipaza, si filamu tu?"

Yaliyokuwa kabla ya hapo yote yameondoka. Salamu za mtaa, mbuzi, kicheko chake cha katikati. Rubani amekaa juu yake. Nimejaribu kuweka sikio kati ya wimbo na wimbo, labda kuna kitu kimesalia chini. Hakuna.

Barua hii naitanguliza na dereva wa leo, lori lake limejaa magunia. Mimi nakuja na la Jumamosi, hata kama ni kukaa juu ya bomba la moshi. Mwambie Mama asogeze kiti, ndiyo ilikuwa ndiyo.

Kipaza

22 Julai

Dada mkubwa,

Nawasalimu wote, kifua cha shemeji, cherehani, bati. Mimi nimefika salama tangu lini, na nimekawia kuandika. Nilipoondoka hapo nilisema wiki moja tu, nauza redio na meza, nakabidhi kibanda, narudi moja kwa moja. Najua wiki yenyewe imeota mvi.

Nisikilize kabla hujanitukana. Nilipofika nikakuta wenye albamu wametoa na ya pili, nyimbo zilizobaki kwenye filamu, na filamu yenyewe imerudishwa sinema kwa sababu watu waliidai. Foleni inafika mpaka kwa kinyozi. Mtu hauzi ng'ombe siku anayozaa, Dada. Nimesema nikamue kidogo, nije na kitu cha maana, Mama apate na kiti chenye magurudumu. Najua alisema nisilete kitu. Lakini kunipiga kwa kiti cha magurudumu hawezi, ni kizito.

Nacheka, lakini utani wenyewe siku hizi nauanza nauacha katikati.

Siachi kukumbuka zile siku. Nilipoingia, yuko palepale mlangoni na shuka la maua magotini, amekuwa mdogo, nikadhani ni mtoto wako mmoja kakaa kwenye kiti cha bibi yake. Akaniangalia. Akafungua mdomo, ukatoka upepo tu. Wewe ulikuwa jikoni, hukuona nilichofanya. Nilirudi nje, nikampa mgongo, nikasimama pale barabarani kama mtu anayepita na safari zake. Nilipohisi ameufungua tena ule mdomo, nikageuka. Nikageuka vizuri, na mabega, kama mtu aliyeitwa. Sijui kama alielewa. Jicho moja lilitoa maji, lakini hilo wewe ulisema hutoa maji hata bila sababu.

Na ile siku ya kaseti! Ulivyotaka kuruka nyimbo akakukunjia uso. Mama yetu, mpenzi wa rubani! Akatikisa kichwa mpaka wimbo wa mwisho. Ilipoanza sauti yake akageuka kumtafuta huyo mama nyuma ya mlango. Halafu akajitambua. Halafu ilipouliza inazimwa wapi, mkono wa kushoto ukatoka chini ya shuka polepole, ukatafuta, ukabonyeza. Kwii. Na mabega yake yakaanza kutikisika, tukajua anacheka, na sisi tukacheka mpaka shemeji akaja kuuliza kuna nini.

Kaseti ile niliyoiacha hapo ndiyo yenyewe. Mimi huku nimebaki na nakala yake. Nauza ya kwanza na ya pili, lakini nimefuta mkia, Mama simuuzi tena. Wateja wamelalamika. Jana mama mmoja, mwenye nakala ya zamani, kaniuliza, "Yule mtoto alikwenda lakini?"

Nikamwambia, "Alikwenda."

"Akabaki?"

Nikamwambia kaseti yangu inaishia hapo.

Nipe mpaka mwisho wa Agosti. Foleni ikipungua tu, nafunga.

Kipaza

11 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Shemeji yako kifua kimepona, bati limezibwa. Kaptula zimeisha, sasa ni sketi.

Sikukutukana. Nilimsomea Mama mpaka kwenye kiti cha magurudumu, akakunja uso, nikaacha.

Tangu uondoke, kila alasiri alikuwa ananionyesha redio. Naiweka kwenye stuli kati yetu pale mlangoni. Lazima tuanze na nyimbo, hataki mkato. Nadhani alikuwa anapenda kungoja zamu yake. Rubani anaondoka, mke anawasha taa, nyimbo zinaisha, ndipo anaanza yeye. Anagombeza, anakuita, mimi nashona. Majirani wanapita wanasema, "Leo naye kaamka mkali," kama zamani. Na ikifika mwisho, akisikia anauliza inazimwa wapi, mkono unatoka chini ya shuka, anabonyeza mwenyewe. Ilikuwa ndiyo kazi aliyobaki nayo, na hakuikosea hata mara moja.

Jana tulikaa hivyohivyo. Barabara ilikuwa tupu, kuna jua zuri. Nyimbo ziliisha. Akakugombeza kuhusu kuku, akamjibu daktari, akasema usilete kitu. Nikawa nakata uzi kwa meno. Akauliza inazimwa wapi. Akauliza tena. Zikasikika hatua zangu za Desemba zinaingia chumbani. Utepe ukaendelea kuzunguka mtupu, mimi naangalia sindano, nangoja mkono wake.

Nimeizima mimi.

Njoo, Kipaza. Usilete kitu.

Dada yako